Mbwa Anaharisha, Paka Amesusa: Kutafuta Kasoro Unapobadilisha Chakula

Mbwa aliyekuzwa kwa ugali na dagaa akiwekewa punje za dukani (chakula kikavu cha mbwa cha mfukoni) bakuli zima asubuhi, kesho yake kuna kazi ya kufagia uani. Mwenye mbwa hulaumu punje, hutupa mfuko, hununua wa aina nyingine, na mbwa huharisha tena. Mara nyingi hakuna mfuko uliokuwa na kasoro. Bakteria wa utumboni wamejipanga kwa chakula wanachokipata kila siku, na vimeng'enya vya kusaga mafuta na protini navyo hupanda na kushuka kufuatana na mlo. Ukileta mafuta na protini nyingi kwa siku moja, sehemu ya chakula hushuka hadi utumbo mpana bila kusagwa, huchacha huko, huvuta maji, na kinyesi huwa uji.

Kwa hiyo dalili ikitokea, jibu la kwanza ni kurudi hatua moja nyuma. Kubadilisha chakula tena ni kuanza safari upya na utumbo ambao tayari umechoka.

Ratiba ya kulinganishia

Huwezi kujua kilichoharibika kama hujui kilichotakiwa kufanyika. Kwa mbwa mzima mwenye afya, siku 10 zinatosha. Chukua mbwa wa kilo 15, aliyehasiwa, asiye na kazi nzito: anahitaji kalori kama 850 kwa siku. Punje nyingi zina kalori 350 hivi katika gramu 100 (mifuko iliyo makini huandika), hivyo lengo lake ni gramu 240 kwa siku, mlo wa asubuhi na wa jioni.

Siku ya 1 hadi ya 3: gramu 60 za punje na robo tatu ya ugali wake wa kawaida. Siku ya 4 hadi ya 6: gramu 120 na nusu ya ugali. Siku ya 7 hadi ya 9: gramu 180 na robo ya ugali. Siku ya 10: gramu 240 peke yake.

Robo ya punje inachukua nafasi ya robo ya ugali. Haiongezwi juu yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Na asipime punje kwa uzito uleule wa ugali: gramu 100 za ugali zina kalori kama 120 tu, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji, hivyo anayelinganisha kwa uzito anamlisha mbwa karibu mara tatu. Pima kwa mizani ya jikoni mara moja, mimina kwenye kopo la plastiki, chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Baada ya hapo mtu yeyote nyumbani anaweza kulisha bila kukisia.

Paka anahitaji wiki tatu au zaidi, na ana sehemu yake huko chini.

Kinyesi kimekuwa laini

Uliza maswali matatu kwanza. Kimeanza siku gani ya ratiba? Amepewa kiasi gani hasa, ukihesabu na vile vipande anavyotupiwa mezani? Na nini kingine kimebadilika wiki hii? Dawa ya minyoo, maziwa, mifupa ya sherehe ya jirani, kuhama nyumba: kila kimoja kinaweza kulegeza choo, na kikigongana na chakula kipya hutajua mkosaji ni nani. Ndiyo maana dawa ya minyoo inafaa itangulie kwa wiki moja au ingoje mpaka ratiba iishe.

Kinyesi ni laini lakini kina umbo, mbwa anacheza na ana hamu ya kula: hatua ilikuwa kubwa mno. Rudi kwenye kiwango cha mwisho alichokuwa sawa, kaa hapo mpaka kinyesi kiwe kigumu kwa siku mbili mfululizo, kisha panda kwa nusu hatua. Kama gramu 60 zilimkaa vizuri na 120 zikamshinda, mpe 90. Ratiba ikifika siku 20 hakuna kilichoharibika.

Kinyesi ni uji usio na umbo: msimamishie chakula kipya. Mpe wali uliopikwa ukalainika sehemu mbili, na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, mifupa, chumvi wala kitunguu sehemu moja, milo midogo minne kwa siku, kwa siku mbili hivi. Kijiko kimoja cha chakula cha boga lililochemshwa na kupondwa husaidia kukusanya kinyesi kwa mbwa wa kilo 10 hadi 15. Choo kikikaza, anza ratiba upya kwenye robo.

Anachuchumaa mara nyingi, anatoa kidogo kidogo chenye ute unaong'aa, pengine na matone ya damu nyekundu: utumbo mpana umewashwa. Chakula kinaweza kufanya hivyo, lakini minyoo nayo hufanya, na mbwa wengi wa uani wanayo bila kuonyesha dalili mpaka utumbo upate msukosuko. Chukua kinyesi kibichi cha siku hiyohiyo, kiasi cha kijiko cha chai, kwenye kikopo safi chenye kifuniko, ukipeleke kikapimwe. Dawa ya minyoo inayotolewa kwa kukisia huenda isiguse aina aliyonayo.

Mtoto wa mbwa anaharisha damu yenye harufu kali, anatapika, amelegea: sahau chakula. Hiyo ichukuliwe kuwa ni parvo, ugonjwa hatari wa virusi wa utumbo, mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo, hasa kama chanjo hazijakamilika. Apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo.

Tabia ya kumpa Flagyl iliyobaki kwenye kabati, au vidonge vya binadamu vya kuzuia kuharisha, iachwe. Ya kwanza huua pia bakteria wale wale ambao unataka wazoee chakula kipya, na vya pili ni hatari kwa baadhi ya mbwa. Paka asipewe paracetamol hata robo ya kidonge. Ini lake haliwezi kuiondoa, na inaua.

Kupima upungufu wa maji: vuta ngozi ya juu ya mabega, uiachie. Irudi mara moja. Ikibaki imesimama kama hema, au ufizi ukinata kidole badala ya kuteleza, anahitaji dripu, si boga.

Anatapika

Angalia kilichotoka na muda uliopita tangu ale.

Punje nzima, kavu, dakika chache baada ya kula: amezimeza bila kutafuna. Mbwa aliyezoea kugombania ugali na wenzake hula hivyo. Tandaza punje kwenye sinia pana, au weka katikati ya bakuli jiwe safi kubwa kuliko mdomo wake ili alizunguke. Au loweka punje kwa maji ya uvuguvugu dakika 15. Kwenye joto la pwani, punje zilizoloweshwa zisikae nje zaidi ya saa moja; zinachacha, na sisimizi hawangoji hata nusu saa. Bakuli likae ndani ya sahani yenye maji.

Povu la njano alfajiri, kabla hajala chochote: tumbo limekaa tupu muda mrefu. Mara nyingi mbwa alikuwa akila mara tatu kwa siku na sasa amepunguziwa kuwa moja. Gawa kiasi kilekile, sehemu yake ailiwe usiku kabla ya watu kulala.

Anatapika saa kadhaa baada ya kula, anarudia, amekunja mgongo, hataki kushikwa tumbo: inaweza kuwa kongosho limevimba, hasa kama chakula kipya kina mafuta mengi au kuna aliyempa ngozi ya kuku na mafuta ya nyama choma. Asipewe kitu, apelekwe.

Anajaribu kutapika na hakitoki kitu, tumbo limejaa kama ngoma, na ni mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu: tumbo limejisokota. Hapo saa ndizo zinahesabiwa. Usingoje asubuhi.

Mbwa anasusa

Mbwa mzima mwenye afya anayesusa punje huku akimeza mate mnapokula nyinyi, hana ugonjwa. Anajua kuna kitu kingine kinakuja. Weka bakuli dakika 20, liondoe, lirudi mlo ujao, na hakuna kitu katikati. Wengi hukubali ndani ya siku moja au mbili. Msemo wa "akishikwa na njaa atakula" una ukweli kwake, lakini haumhusu mtoto wa mbwa mdogo, ambaye sukari ya damu hushuka haraka, wala haumhusu paka kabisa.

Anayechambua, akala dagaa na kuacha punje zikiwa safi kama zimeoshwa, atatuliwe kwa kulowesha na kuponda ili punje ziungane na ugali. Kadiri siku zinavyokwenda, ponda kidogo zaidi, maji yapungue.

Kishawishi kiwe supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu, vijiko viwili. Mchuzi wa jikoni haufai. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, vikiwa vibichi, vimepikwa, au vimesagwa ndani ya kidonge cha kuongeza ladha. Kwa paka, kiasi kidogo tu kinatosha.

Mbwa anayesusa vyote, cha zamani na kipya, hasusi chakula. Pima joto, tazama ufizi, tafuta kupe. Homa ya kupe huanza hivihivi.

Paka amesusa

Hapa pana hatari ambayo wenye mbwa hawaizoei. Paka asiyekula huchoma mafuta ya mwili wake, na ini lake halina uwezo wa kuyahimili yakija kwa wingi. Yanarundikana humo mpaka ini linashindwa. Paka mnene ndiye anayepatwa haraka zaidi. Kwa hiyo hakuna mashindano ya nani atachoka kwanza. Saa 24 bila kula, mrudishie chakula chake cha zamani. Akikikataa nacho, au zikifika saa 48, ni daktari.

Paka huzoea umbo na mguso wa chakula tangu akiwa mdogo, na kwake punje ngumu na samaki laini ni vitu viwili visivyohusiana. Ukichanganya punje na samaki tangu siku ya kwanza, unaweza kumchukiza hata samaki. Anza kwa visahani viwili. Kimoja kina chakula anachokijua, kingine kina punje tano au sita za kile kipya, kando kidogo. Siku za mwanzo hatazigusa. Akizinusa bila kuondoka ni hatua nzuri. Akikwaruza sakafu kando ya kisahani kama anayefukia choo, kisogeze mbali kidogo, usikiondoe.

Kabla ya hayo, paka ambaye chakula kinakaa wazi mchana kutwa awekewe saa za kula: mara tatu au nne, nusu saa kila mlo. Paka anayedonoa siku nzima hana sababu ya kujaribu kitu kigeni.

Akianza kuonja, ongeza kama sehemu ya kumi kila siku mbili au tatu. Paka wa kilo 4 anahitaji kalori 240 hivi, karibu gramu 65 za punje kwa siku, kwa hiyo kila hatua ni gramu 6 au 7, fungu linaloenea kiganjani. Vitu viwili husaidia. Cha kwanza ni joto: kijiko cha maji ya moto juu ya chakula, koroga, hakikisha kwa kidole kuwa si zaidi ya uvuguvugu, na harufu itapanda. Cha pili ni unga wa dagaa: osha dagaa chumvi na mchanga vitoke, waanike tena, wasage, nyunyiza robo ya kijiko cha chai. Usipoteze sukari, paka hana ulimi wa kuonja utamu.

Kosa jingine la paka ni bakuli la mbwa. Nyumba yenye wote wawili hununua mfuko mmoja, na paka huonekana kuupokea vizuri. Lakini paka lazima apate taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, kutoka kwenye chakula, na vitamini A iliyo tayari kutoka kwa mnyama, na punje za mbwa hazikutengenezwa kutimiza hayo. Kwa miezi mingi ukosefu wa taurini hulegeza moyo na kuharibu macho. Hiyo ndiyo sababu pia ugali na maziwa si chakula cha paka hata kama anakula kwa furaha.

Paka anayekimbilia bakuli, akaonja, akarudi nyuma, akadondosha mate au akatafunia upande mmoja, ana njaa na mdomo unamuuma. Fungua midomo utazame ufizi na meno ya nyuma.

Choo kigumu na kiu

Kiu kwanza, kwa kuwa ndiyo inayotisha watu bure. Ugali ni karibu theluthi mbili maji. Punje zina maji asilimia 10 hivi. Mbwa wetu wa kilo 15 alikuwa akipata zaidi ya mililita 450 za maji ndani ya gramu 700 za ugali. Kwenye gramu 240 za punje anapata 24. Hizo nyingine lazima azinywe. Akivuka mililita 100 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani lita moja na nusu kwa huyu, hapo si punje tena. Figo na sukari vikapimwe.

Choo kikavu kinachomchukua muda: ongeza maji kwenye punje zenyewe, na weka bakuli la pili la maji mahali pengine. Mifupa ikiwa bado inatolewa, iondoke; inakauka kama chokaa tumboni, na iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Paka dume aliyehamia kwenye punje kavu, anayeingia kwenye sanduku la mchanga mara kwa mara, anajikamua na haachi tone, huyo hana choo kigumu hata kama mkao unafanana. Mkojo umeziba. Kwa siku moja au mbili anakufa.

Gesi

Ikija wiki ya kwanza na choo kiko sawa, subiri. Ikibaki baada ya wiki tatu, soma viambato: soya na kunde nyingi ndizo kawaida.

Anajikuna

Mzio wa chakula hauji usiku mmoja. Mwili unahitaji muda wa kukikataa kile unachokila, na mara nyingi ni protini ambayo mbwa ameila kwa miezi. Kwa hiyo mkuno wa siku ya tatu ya ratiba una uwezekano mkubwa wa kuwa viroboto. Chana manyoya ya kiuno juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vumbi jeusi likigeuka wekundu wa kahawia kwenye maji, hiyo ni damu iliyosagwa na kiroboto. Tibu hilo kwanza.

Masikio na nyayo vikiwaka mwezi baada ya mwezi bila viroboto, jaribio la kweli ni wiki 8 za protini moja ambayo hajawahi kula, bila kipande kingine chochote. Na jina la mbele ya mfuko lisikudanganye: mfuko ulioandikwa nyama ya ng'ombe mara nyingi una kuku ndani.

Mfuko wenyewe, au unga wenyewe

Punje zinazopimwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa hazina tarehe, na mafuta yake yamekutana na hewa kwa muda usiojulikana. Nusa: zikinuka kama rangi ya zamani au mafuta ya kukaangia yaliyochakaa, usinunue. Mfuko uliofungua mwenyewe uishe ndani ya wiki sita, na kwa unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa hata mapema. Uuache ndani ya mfuko wake, mfuko ndani ya ndoo yenye mfuniko. Usimimine mpya juu ya vumbi la zamani.

Lakini angalia upande wa pili pia. Kuna nyumba ambazo unga ulioota ukungu hauliwi na watu, unapikiwa mbwa. Sumukuvu iliyomo haiondoki kwa kupika, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa nayo haraka. Ni sumu ileile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi. Mbwa anayesusa ugali lakini anakubali punje, anayetapika kila ugali unapozidi, au mwenye macho na ufizi wa njano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, tatizo lake ni chakula cha zamani. Hapo ratiba ya siku 10 haihusiki: ugali unasimama leo, wote, na anapelekwa ini lake likapimwe.

Wakati wa kutoanza

Wiki ya kuhama, ya chanjo, au ya kumleta mnyama nyumbani: mpe chakula cha alikotoka kwa wiki moja kwanza. Paka mgonjwa mwenye kichefuchefu asianzishiwe chakula cha tiba siku hizo, maana atakihusisha na ugonjwa na kukikataa hata akipona. Mbwa au paka anayechomwa insulini asibadilishiwe hata robo bila daktari wake kujua, kwa kuwa kipimo cha sindano kilipangwa kwa chakula cha zamani.

Na kwa wengine wote, usifungue mfuko mpya kabla ya kuwa na chakula cha zamani cha wiki mbili ndani. Ratiba nyingi hukatika siku ya tano kwa sababu dagaa wameisha na mshahara bado.